Siku Moja Maishani Mwangu: Kuuza Karanga Siku Athletics Walipoiaga Oakland

Kazi yangu ni kuuza karanga jukwaani katika uwanja wa Oakland Coliseum, jimbo la California nchini Marekani, na siku ninayoieleza hapa ni Alhamisi, tarehe 26 Septemba 2024, siku ambayo timu ya besiboli ya Athletics ilicheza mchezo wake wa mwisho nyumbani baada ya misimu 57 katika mji huu. Ndugu zangu walioko Tanga huamini kwamba nalipwa kutazama michezo. Ukweli ni kwamba mchuuzi wa jukwaani huupa uwanja kisogo muda wote, kwa kuwa mteja yuko upande wa pili, na matokeo huyajua kwa kusikiliza kelele tu.

Saa 11 alfajiri niliamka, nikanywa chai ya rangi na mkate, nikapanda treni hadi kituo cha Coliseum, nikavuka lile daraja refu la waenda kwa miguu linalopita juu ya reli na kuingia uwanjani. Hadi hapo siku haikuwa na jipya.

Saa 2 asubuhi eneo la kuegesha magari lilikuwa limekwisha kuwaka moshi wa nyama choma. Watu walivaa fulana za kijani zenye neno moja la kumtaka mmiliki wa timu, John Fisher, aiuze kwa mtu atakayeibakiza Oakland, jambo ambalo lilikuwa limeshapitwa na wakati, kwani wamiliki wa timu zote za ligi walikwisha kuidhinisha uhamisho wa kwenda Las Vegas kwa kauli moja mwezi Novemba 2023. Mji huu una uzoefu wa kuachwa. Warriors wa mpira wa kikapu walivuka ghuba kwenda San Francisco mwaka 2019, Raiders wa mpira wa Kimarekani wakaenda Las Vegas mwaka uliofuata, na Athletics walikuwa timu kubwa ya mwisho iliyosalia. Wao wenyewe ni wahamaji wa siku nyingi: walianzia Philadelphia, wakapitia Kansas City, ndipo wakafika hapa mwaka 1968. Mzee mmoja aliyekuwa akigeuza soseji nyuma ya gari lake aliniambia kwamba hata kama timu ilizaliwa kwingine, mataji ya 1972, 1973, 1974 na 1989 yalipatikana hapa, na hayo hayapakiwi kwenye lori.

Saa 3 tulikusanyika stoo. Hapa kuna sheria ambayo watazamaji hawaijui: wachuuzi hatupangiwi bidhaa kwa bahati nasibu, bali mwenye miaka mingi kazini huchagua kwanza. Bia huenda kwa wakongwe, kwa sababu bei yake ni kubwa na sisi hulipwa kamisheni kwa kila tunachouza. Maji na soda ni mzigo wa vijana wenye mabega, maana barafu huongeza uzito kila unapopanda ngazi. Karanga ni nyepesi, faida yake ni ya wastani, nami nimezizoea. Unatia saini ya trei, ya mashine ya kadi na ya beji yenye namba, na kimojawapo kikipotea hukatwa kwenye malipo yako.

Milango ikafunguliwa, waliowahi wakapewa sanamu ndogo ya uwanja kama kumbukumbu, na kuanzia hapo sikukaa tena.

Ni lazima nieleze ramani ya kazi ili uchovu wangu ueleweke. Coliseum ulifunguliwa mwaka 1966 na ulichimbwa ardhini kiasi kwamba uwanja wenyewe uko chini ya usawa wa bahari. Mtu akiingia mlangoni hujikuta katikati ya jengo, na viti vya chini viko mbele yake vikiteremka kama korongo. Kwa hiyo mchuuzi huanza kwa kushuka, jambo ambalo ni rahisi, kisha hupanda akiwa amechoka. Siku za kawaida za msimu ule, wastani wa watazamaji ulikuwa elfu kumi na moja na ushei, nasi tuliwafahamu wengi wao kwa sura: yule anayetaka karanga zisizo na chumvi, yule mama anayenunua mfuko mmoja awamu ya tatu, kati ya awamu tisa za mchezo ambazo timu hupokezana kupiga, na mwingine awamu ya sita. Siku hii waliingia watu 46,889.

Msomaji atadhani tulivuna. Hatukuvuna. Mtu aliyewahi kuuza vitu stendi anajua kwamba basi likishawasha injini abiria hafikirii tena karanga. Anatafuta kiti chake na anachungulia nani amekuja kumuaga. Ngazi zilijaa watu waliosimama wakipiga picha, njia zikaziba, na kila kichwa kilielekea uwanjani. Barry Zito, aliyekuwa mrushaji (anayemtupia mpigaji mpira) wa timu hii miaka ya 2000, aliimba wimbo wa taifa. Rickey Henderson na Dave Stewart, wote wawili watoto wa Oakland, walirusha mipira ya ufunguzi, na kelele zilizompokea Henderson zilitikisa mifuko ndani ya trei yangu. Huyu ndiye aliyevunja rekodi ya wizi wa vituo, yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila mpira kupigwa, hapahapa mwaka 1991, na uwanja wenyewe uliitwa kwa jina lake. Hapo niligeuka kutazama.

Mchezo ulianza saa 6 na dakika 37 mchana dhidi ya Texas Rangers, mabingwa wa mwaka 2023.

Awamu ya tatu ndipo nilipokutana na bwana wa kiti cha pembeni. Aliinua mkono, nikapenyeza hadi kwake, akataka mifuko miwili. Mashine ya kadi ikaanza kuzunguka bila kujibu, kwa sababu watu wote wale walikuwa wakirusha video kwa wakati mmoja na mtandao ulikuwa umelemewa. Nikaomba fedha taslimu, hana. Tukajaribu tena, ikazunguka tena. Wakati tunasubiri akaiona beji yangu, ya mviringo, yenye namba, rangi imechubuka pembeni, na kuanzia hapo karanga zikawa si hoja. Akasema anataka kuinunua. Nikamweleza kwa adabu kwamba si yangu. Akataja dola 50. Nikamweleza kwamba nimeitia saini. Akapanda hadi 100, akaniuliza ni nani atakayezihesabu beji za uwanja ambao timu inaondoka. Nikamjibu kwamba yupo kijana stoo ambaye huzihesabu kila siku na leo pia atazihesabu. Akahamia kwenye kofia, kisha kwenye mkanda wa trei. Nyuma yetu watu wakaanza kupiga kelele kwamba tunawaziba, mwanamke mmoja akanisukuma kiuno kwa bendera, na yule bwana hakuachia ukingo wa trei yangu, huku akinisimulia kwamba baba yake alimleta hapa akiwa na umri wa miaka sita na kwamba hana kitu chochote cha kubakia nacho. Nilimwonea huruma, nasema kweli, lakini huruma ilikuwa ikinigharimu: kwa muda ule niliosimama pale ningeweza kumaliza ngazi mbili. Mashine ikapokea kadi hatimaye. Akachukua karanga, akaangalia mfuko, akauliza kama ninaweza kuutia saini. Nikautia saini. Naamini hajala zile karanga hadi leo.

Kuanzia hapo saa sikuiangalia tena. Nilihesabu kwa awamu, kama sote tufanyavyo. Besiboli ni mchezo wa mchuuzi, maana hauna dakika 90; una vituo vya kupumua kila awamu, na hapo ndipo sisi huuza. Hata hivyo, mwaka 2023 ligi ilileta saa ya kumharakisha mrushaji, michezo ikafupika kwa wastani wa dakika 24 hivi, na hakuna aliyetuuliza sisi dakika hizo zilikuwa na thamani gani. Siku hii nilitamani awamu ziende mbio na zisiishe, yote mawili kwa pamoja. Magoti yalianza kuuma kwenye awamu ya sita. Kwenye ya saba kila mtu alikuwa amesimama akiimba, na kuuza karanga kwa mtu anayeimba machozi yakimtoka ni utovu wa adabu, nikaegemea nguzo nikanywa maji.

Awamu ya tisa, Athletics wakiongoza 3 kwa 2, Mason Miller aliingia kurusha mipira yake ya kasi ya ajabu. Vitu vilirushwa uwanjani, walinzi wakakimbizana na watu walioruka uzio. Mpira wa mwisho ulipigwa chini na Travis Jankowski wa Rangers, Max Schuemann wa Athletics akaudaka na kuutupa kituo cha kwanza, ikawa imekwisha. Wachezaji walitoka nje, kocha Mark Kotsay akashika kipaza sauti akawashukuru watu na kuongoza wimbo wa kuishangilia Oakland. Hakuna aliyeondoka. Wafanyakazi wa nyasi waligawa udongo wa uwanja, na watu waliupokea kwa vikombe vya bia na kwa mifuko mitupu ya karanga. Ile mifuko mitupu, nakiri, ilinifurahisha.

Stoo, kijana alihesabu. Trei, mashine, beji: vyote vilikuwepo. Kamisheni yangu ilikuwa chini ya ile ya Jumamosi moja ya mwezi Julai ambayo hakuna atakayeikumbuka. Mkongwe wetu, aliyeanza kuuza hapa kabla ya ubingwa wa 1989, hakusema neno. Aliuliza tu kama malipo ya wiki hii yatakuja Ijumaa ileile.

Kisha tukapewa fomu. Timu ingecheza West Sacramento kuanzia 2025 ikisubiri uwanja wa Las Vegas kukamilika kwa ajili ya msimu wa 2028, na anayetaka kuitwa huko aandike jina lake. Ni kilomita zipatazo 130 kutoka hapa, uwanja unachukua watu 14,000 tu, na tayari una wachuuzi wake. Nilipiga hesabu ya nauli nikiwa nimesimama, nikaona hata mafuta ya kwenda hayarudi. Sehemu ya pili ya fomu ilihusu Oakland Roots, timu ya kandanda iliyokuwa ihamie Coliseum mwaka 2025. Kwenye kandanda sisi huuza wakati wa mapumziko tu, dakika 15, kisha watu wote hurudi vitini kwa pamoja. Niliweka alama hapo, nikaandika karanga kuwa chaguo la kwanza na maji la pili, nikaenda kupanga foleni ya treni pamoja na wale wenye udongo mikononi.