Tochi ya Morogoro na kamera za M1

Nilijifunza udereva katika barabara ya Dar es Salaam hadi Morogoro, ambako kibao cha 50 kilikuwa na maana moja tu: angaza macho, trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo hayuko mbali. Gari linalotoka mbele likikuwashia taa unapunguza mwendo, na ukishampita askari unakanyaga mafuta. Elimu hiyo ndiyo niliyoivusha bahari hadi Uingereza, na shemeji yangu, mwenyeji wa huko, akaitilia muhuri: “Shem, zile kamera za njano ukizivuka tu, barabara ni yako.”

Kwa miezi kadhaa ushauri wake ulinifaa, na nikawa fundi wa kufunga breki kabla ya mistari myeupe iliyochorwa kwenye lami, nikaipita taratibu kama gari la bwana harusi, kisha nikachomoka. Siku moja katika barabara kuu ya M1, penye matengenezo na kikomo cha maili 50 kwa saa, niliona kamera nyingine za njano juu ya nguzo. Kila nilipoikaribia moja nilishuka hadi 45, na nilipoivuka nilipanda hadi 70, huku nikiwahurumia waoga waliong’ang’ania 50 safari nzima. Kumbe kamera zile husoma namba ya gari kwenye nguzo moja, zikaisoma tena kwenye nguzo ya mbele, kisha umbali ukagawanywa kwa muda uliotumika. Breki zangu zote zile zilikuwa maonyesho yasiyo na mtazamaji.

Barua ilifika kabla ya wiki mbili kwisha: wastani wangu ulikuwa 61, nami nilipewa siku 28 za kumtaja dereva. Shemeji akanishauri nimtaje binamu aliyekwisha kurudi Tanga! Kwa uongo wa namna hiyo watu hufungwa huko, basi nikajitaja mwenyewe. Kwa kuwa sikuwa nimezidi sana, niliruhusiwa kuhudhuria darasa la madereva kwa pauni tisini na kitu badala ya faini ya pauni 100 na pointi 3 kwenye leseni. Humo niliambiwa kwamba gari la maili 30 kwa saa husimama baada ya mita 23, na la maili 40 baada ya mita 36. Nilinyamaza, nikiwafikiria watoto niliowapita mbio pale Mdaula, kwenye ile barabara ya Morogoro.

Siku hizi natumia kitufe cha kudhibiti mwendo kilichopo kwenye usukani, ambacho nilikuwa nimekaa nacho mwaka mzima nikidhani ni cha redio. Unaweka 50, na mguu ukizidisha, gari halitii. Kwenye mteremko tu ndipo unapolazimika kulisaidia kwa breki. Likizo iliyopita nilipita Mdaula kwa kilomita 50 kwa saa kutoka kibao hadi kibao, na basi lililokuwa nyuma yangu likapiga honi hadi abiria wakachungulia madirishani.