Kumbe ni kibetri cha saa tu

Laptopu yangu ni ya mtumba, zile zinazoletwa kutoka Uingereza, na betri yake kubwa ilikufa zamani. Naitumia ikiwa kwenye stima tu. Sasa, hapa Kondele, Kisumu, stima ikikatika asubuhi unaweza kuingoja hadi jioni, na vituko vyote vilianzia hapo. Ikirudi nawasha: taa inawaka, feni inavuma, nembo ya Windows inatokea, halafu skrini inageuka buluu. Inajizima, inajiwasha, buluu tena.

Fundi mmoja mjini aliifungua, akapuliza vumbi, akasema, "Bosi, bodi imeenda hii." Bei ya bodi hiyo, yaani sakiti kuu ya mashine, aliyonitajia ilikaribia ya laptopu nzima. Nikamshukuru, nikabeba yangu.

Sikushawishika. Bodi iliyokufa ingefikaje hadi kwenye nembo? Na mbona siku ambazo stima haikukatika mashine haikusumbua? Nikaiwasha huku nikibonyeza F2 kuingia kwenye BIOS, ile programu ya mipangilio inayotangulia Windows, nikaangalia tarehe. Januari 2012!

Ndani ya laptopu nyingi za zamani kuna kibetri cha duara, CR2032, cha volti 3. Ndicho kinachoiweka saa hai na kutunza mipangilio ya BIOS wakati hakuna umeme mwingine. Kikiisha, mipangilio inarudi ya kiwandani. Kwangu, mpangilio wa jinsi mashine inavyoongea na diski ulikuwa unarudi ule uitwao RAID ilhali Windows iliwekwa kwa mwingine, AHCI, kwa hiyo Windows ikiamka haiioni diski yake, inaanguka. Nilirudisha AHCI, nikahifadhi, ikawaka vizuri. Lakini hiyo ilikuwa nafuu ya kungojea stima ikatike tena.

Nikachomoa chaja, nikatoa betri kubwa, nikashikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika hivi ili umeme uliobaki uishe. Skrubu za kifuniko cha chini nilizipanga juu ya karatasi vile zilivyokaa, maana hazilingani urefu. Kibetri kilikuwa karibu na RAM (kadi ya kumbukumbu), kimevikwa plastiki nyeusi, kimebandikwa kwa gundi, na waya mbili, nyekundu na nyeusi. Nilikipima kwa mita: volti 1.1.

Chenye waya tayari nilikipata kwenye duka la kompyuta Oginga Odinga Street, kwa bei ya chakula cha mchana. Kabla ya kulipa linganisha waya na za kile cha zamani, kwa sababu vingine nyekundu imekaa upande wa nyeusi. Na fundi akitaka kuchomelea waya moja kwa moja kwenye kibetri, mkatalie. Joto linakiharibu, na kinaweza hata kupasuka.

Nikafunga, nikaweka tarehe na AHCI. Usiku huo huo stima ikaenda. Iliporudi asubuhi niliwasha, nikaingia Windows bila buluu, na saa ilikuwa sahihi. Betri kubwa ndiyo bado sijanunua.