Tuliwazomea Astros mpaka sauti zikakauka

Jamani, Agosti 2021 nilikuwa Dodger Stadium, Los Angeles, timu ya besiboli ya Houston Astros walipokuja kucheza na timu yetu, Dodgers. Sijawahi kusikia uwanja ukizomea vile. Mchezaji wao Altuve akishika gongo tu, jukwaa zima linasimama, na mapipa ya taka ya kujazwa upepo yananyanyuliwa juu.

Kwa msiofuatilia besiboli: mdakaji humpa mrushaji ishara ya vidole, arushe mpira wa aina gani. Wapinzani kuisoma kwa macho wakiwa uwanjani ni ujanja unaokubalika. Astros mwaka 2017 walitumia kamera kuinasa ishara hiyo, wakaitazama kwenye skrini karibu na benchi lao, kisha mtu anagonga pipa la taka kumjulisha mpigaji wao. Likilia, mpira wa kupinda unakuja. Kukiwa kimya, mpira wa kasi. Mwaka huohuo wakatufunga fainali, mechi 4 kwa 3.

Kinachoniuma zaidi ni visingizio. Ligi iliwatoza dola milioni 5, kocha na meneja mkuu wakafungiwa, kisha klabu ikawafukuza. Wachezaji hawakuguswa! Halafu Februari 2020 mmiliki wao, Jim Crane, akasema kwa maoni yao jambo lile halikuathiri mchezo. Sasa kama halikusaidia, pipa mligonga la nini?

Mzee mmoja jirani yangu, kofia imepauka kwa jua, alikuwa akipiga kiti kwa kiganja kila Astros walipoingia kupiga: pa! pa! Nikamuunga mkono, na safu yetu yote ikafuata. Ubingwa ule wa 2017 mimi siutambui mpaka leo.