Choo kigumu baada ya oparesheni, wacha tuongee tu

Wiki ya 3 sasa tangu nirekebishwe kizazi kilichokuwa kimeshuka na niwaambie ukweli, kidonda sio shida, shida ni choo. Zile dawa kali za maumivu za siku za kwanza zilinifunga tumbo kabisa, na daktari alishasema kujikamua ni mwiko juu unasukuma palepale paliposhonwa. Kwa hivyo maisha yangu saa hii ni paipai asubuhi, maji mengi, managu, ndengu, na ile dawa tamutamu ya kulainisha choo niliyoandikiwa.

Lakini kitu imenisaidia zaidi ni kastuli ka plastiki ka mtoto, naweka miguu juu magoti yapite kiuno, nainama mbele, napumua polepole mpaka tumbo lilegee, yaani ni kama kuchuchumaa kwa choo cha shimo ushago, kumbe cucu alikuwa sawa! Naenda baada ya chai ya asubuhi, hapo ndio matumbo huamka, na ikinishika siingoji. Juzi nikitoka kliniki ilinishika ndani ya mat, jam ya Thika Road, nikajizuia. Nimejuta siku 2 mzima.