Fomu iliyonishinda kujaza

Nimekaa saa nzima mbele ya fomu ya tathmini ya kijana mmoja wa karakana yetu, na kwenye sehemu yangu nilichojaza ni jina lake tu.

Swali la kwanza ni lile lile la kila mwaka: unajiona wapi baada ya miaka mitano? Wenzake huandika "msimamizi" au "meneja", hata wasiopenda kusimamia chochote, maana wanajua ndilo jibu linalotakiwa. Yeye kaandika: "Hapa hapa kwenye mashine, ila nikiwa naijua zaidi." Nikacheka, kisha nikanyamaza.

Ana daftari la shule ambalo jalada lake limelowa grisi hadi limelainika. Kila mashine ya kufungashia inaposimama, huandika tarehe, saa na mlio ilioutoa kabla ya kuzima. Mlio! Kuna ukurasa umeandikwa "tak-tak, kimya, tak". Sisi tulikuwa tukibadilisha beringi, kile kipuri cha duara kinachobeba mhimili unaozunguka, kila ilipokufa, basi, tunarudi kwenye chai yetu. Baada ya miezi minne akanijia: "Bosi, beringi haina kosa. Inakufa siku tunazobadilisha roli za kufungashia tu." Kweli, roli mpya zilikuwa nzito zaidi, na mashine ilikuwa imelala kidogo kushoto. Akasukumia kipande cha bati chini ya mguu mmoja, chembamba kama ukucha. Hatujanunua beringi tena tangu siku hiyo.

Sasa wakubwa wanataka awe msimamizi wa zamu. Nia yao njema. Ila kwetu mshahara hupanda kwa njia moja tu: uweke spana chini, ushike ratiba. Njia hiyo nimeipita. Huu mwaka wa tatu sijafungua giaboksi. Juzi nilisimama kusikiliza mashine inayoguguna, nikaona siielewi tena, nikaenda kumtafuta yeye. Mikono yangu misafi siku hizi, kazi yake kusaini likizo za watu.

Nimemkumbuka Koichi Tanaka wa kampuni ya Shimadzu, Japani. Mhandisi mwenye shahada ya kwanza tu, tena ya umeme, aliyekuwa akikwepa mitihani ya kupandishwa cheo ili abaki na utafiti wake. Mwaka 1985 alimimina gliserini kwenye unga wa kobalti kimakosa. Akaona hasara kuutupa, akautumia hivyo hivyo kupimia, na hapo ikafunguka njia ya kupima molekuli kubwa za protini. Mwaka 2002 akapata Nobeli ya kemia. Watu hukisimulia kisa hiki kama bahati ya mtu aliyekosea. Mimi nakwama kwenye ile mitihani. Kwa nini mtu alazimike kukwepa cheo ili aendelee na kazi anayoiweza?

Wapo waliolifikiria hilo. Kampuni ya 3M ya Marekani ina ngazi mbili, ya uongozi na ya utaalamu, na mtafiti hupanda bila kugeuzwa meneja. Sisi tuna sanduku la maoni ukutani, kufuli lake limeshika kutu, na kila mwanzo wa mwaka tunahimizwa tuwe wabunifu.

Mwishowe nikaandika: "Aongezwe mshahara, asiondolewe kwenye mashine. Apewe vijana wawili awafundishe." Mfumo wa kompyuta ukakataa. Kuhusu kupandishwa cheo unataka "Ndiyo" au "Hapana", hakuna pa kuandika maneno. Basi nimeichapa, kesho asubuhi nampelekea afisa utumishi mkononi.

Nimemwomba kijana aniazime daftari niende nalo. Alisita kidogo, akalifuta kwa kiganja, ndipo akanipa.

"Lakini bosi, lirudi kabla ya saa nne. Kesho tunabadilisha roli."