Nilivyokausha raba kwenye draya bila kumwamsha jirani

Nianze na shangazi yangu wa Ngamiani, Tanga, maana ndiye wa kwanza kunipotosha, ingawa kwa nia njema. Nilimpigia simu mwezi wa Januari, nikamwamkia, katika mazungumzo nikamwambia raba zangu za kazini zimelowa chapachapa. Hakufikiri hata mara moja. "Sasa mwanangu, si uzianike juani?"

Jua lilikuwepo, siwezi kusema uongo. Hapa Minnesota, Marekani, baridi ikizidi ndiyo jua nalo linang'aa, mbingu nyeupe pee, unaweza kudhani uko ufukweni Raskazone. Ila siku hiyo ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Na shangazi habishiwi. Nikazitoa raba kwenye kibaraza, nikaziegemeza ukutani zikielekea jua kama tulivyofundishwa utotoni. Baada ya saa mbili nikazikuta zimekakamaa kama ng'onda, kamba zimesimama zenyewe hewani. Nikagonga moja kwenye ukingo, ikalia ko! Nilipoziingiza ndani ziliyeyuka, zikafanya dimbwi mlangoni, na mke wangu akanitazama kwa lile jicho lake.

Mimi natunza wazee, zamu ya usiku. Kutoka kituo cha basi mpaka kazini napita kwenye theluji iliyosagwa na magari ikachanganyika na chumvi inayomwagwa barabarani, uji wa kijivu unaoingia mpaka kwenye soksi. Buti ninazo, msiniulize. Siku ile nilizisahau kazini. Narudi nyumbani saa moja asubuhi, saa tatu usiku natakiwa nitoke tena, na hapo katikati lazima nilale. Najua kuna wa kuniambia ninunue jozi mbili. Sawa, lete hela.

Kujaza karatasi ndani ya kiatu kunafaa, sikatai, na kwa viatu vya ngozi ndiyo njia pekee ninayoikubali mpaka leo. Lakini karatasi inataka kubadilishwa kila baada ya saa moja hivi ikishanyonya maji, na mimi saa hizo nakoroma.

Basi, draya, ile mashine ya kukaushia nguo. Tunayo ndani, imebanwa kwenye kabati la ukumbini. Mara ya kwanza nilifanya kama mtu aliyetoka kijijini jana: nikazitupa raba zote mbili ndani, peke yake, nikazungusha kitufe mpaka kwenye joto la mwisho, nikabonyeza, nikaenda kuoga.

Nilikuwa nimejipaka sabuni usoni nilipozisikia. Du! Kimya. Du-du! Kimya. Duuu! Ngoma ya mkesha, na mpigaji hajui mdundo. Draya yenyewe ikawa inatembea, inasogea kidogokidogo kutoka ukutani. Nilidhani nitawahi kumaliza kuoga. Ghafla kiatu kimoja kikaupiga mlango kwa ndani, mlango ukafunguka, mashine ikajizima, raba ikatoka kama samaki aliyeruka kwenye ngalawa. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikairudisha, nikaegemeza kiti kwenye mlango, nikawasha tena.

Mlango wa nje ukagongwa. Jirani wa chini, naye ni mtu wa zamu ya usiku. Amevaa kaptula na koti la baridi, macho mekundu. Hakusema neno. Alinyoosha kidole kuelekea ukumbini tu, akashuka ngazi.

Nilipofungua draya, raba ya kushoto soli yake ilikuwa imeachia kwa mbele, mdomo wazi kama kambare. Ya kulia ilikuwa nzima ila imejikunja, kidole gumba hakinyooki. Gundi ya viatu haipendi moto, na lile povu laini la chini ya kisigino halipendi zaidi. Nilizinunua kama dola themanini, sijui tisini, mke wangu ndiye anayezikumbuka hela hizo vizuri na hukumbusha kila akipata nafasi. Usiku ule nilikwenda nazo kazini hivyohivyo na gundi ya dukani, nikawa napita kwenye korido pwata, pwata, pwata. Mzee mmoja ninayemhudumia, ambaye kwa kawaida hasikii hata redio, aliniuliza nimeleta bata.

Hapo ndipo shemeji alipojitokeza na elimu yake. Kwanza akasema niziweke kwenye maikrowevu. Nilimwambia shemeji, vile vitundu vya kupitishia kamba ni chuma. Akahamia kwenye mchele: nizifukie kwenye gunia la mchele kama watu wanavyofanya na simu. Mchele wa kilo ngapi, shemeji, na nani ataula? Mwisho akaniambia niziendeshe draya pamoja na mipira ya tenisi. Kwa hiyo kelele za viatu viwili tuzitibu kwa kuongeza mipira mitatu. Mipira hiyo inafaa kwa koti lililojazwa manyoya ya ndege, inalipura likafutuka. Kwa raba ni ngoma mpya tu.

Ujanja wenyewe niliupata nikiwa nimeukodolea macho ule mlango. Kama kiatu kinaupiga mlango, basi nikifunge hapohapo mlangoni. Nikafunga kamba za raba zote mbili pamoja kwa ncha, fundo gumu. Nikazining'iniza kwa ndani ya mlango, soli zikiwa zimeulalia mlango, fundo nikalipitisha juu ya mlango likatoka nje. Nikafunga mlango polepole ukazibana kamba. Pipa linazunguka, hewa inapita, viatu vimetulia kama popo. Zikiwa zinaning'inia chini mno zitakwaruzwa na pipa, kwa hiyo vuta kamba kutoka nje mpaka zipande. Na kama kamba zako ni nene mlango hautajifunga vizuri, tafuta nyembamba. Mlango unaofunguka kwa kuangukia chini hauwezi kazi hii.

Nikachagua upepo bila joto, nikabonyeza. Kimya kitamu! Nikasimama pale nimefunga mikono kama injinia wa bandari. Baada ya dakika nne hivi mashine ikalia, imezima. Nazigusa raba: maji matupu.

Niliwasha tena, ikazima tena. Nikaanza kufikiria hela ya fundi. Nikaingiza kichwa ndani ya pipa na tochi ya simu, ndipo nikaviona: vipande viwili vya chuma, vyembamba, vimekaa sambamba karibu na mlango. Mashine hutumia vile vipande kujua kama nguo bado zina maji. Nguo mbichi ikivigusa, mashine inaendelea. Raba zangu zimening'inia mlangoni, hazigusi kitu, mashine inaona tumbo tupu, inajiuliza inakausha nini. Dawa yake ni kuacha kabisa ile mizunguko ya kujiamulia, ukaweka ya muda: mimi huweka dakika ishirini, natazama, naweka nyingine. Saa moja mara nyingi inatosha kama nilishazibana kwa taulo kwanza kunyonya maji mengi.

Soli za ndani natoa kila mara, zinakauka zenyewe juu ya kiti. Zangu ni za povu, na kitabu cha draya, ambacho nilikisoma baada ya hasara, kinakataza vitu vya mpira wa povu kwenye joto kwa sababu vinaweza kushika moto. Pia kama kiatu kimemwagikiwa mafuta au petroli, usikiingize hata kwa upepo mtupu. Nikiona kwenye kiatu alama ya mraba wenye duara ndani na X juu yake, yaani kisiingizwe kwenye draya, naheshimu. Na sitoki nyumbani inapozunguka, tena chujio la nyuzinyuzi nalisafisha kabla.

Mara ya kwanza mke wangu kuona fundo la kamba linachungulia juu ya mlango wa draya, alipiga yowe. Alidhani ni mkia wa panya.

Juzi tulikuwa kwenye maulidi, nikamsikia shemeji anawaeleza watu jinsi alivyogundua njia ya kukausha raba kwenye draya kwa kuzining'iniza mlangoni. Alieleza vizuri, kwa mikono na kila kitu. Ila habari ya vile vipande viwili vya chuma hakuigusa, maana sijamwambia.