Ngoma iliyoandikwa mstari mmoja

Anayeingia stoo yetu ya mikusanyo hapa Dodoma huacha mlangoni mkoba, chakula na kalamu ya wino. Ndani tunatumia penseli tu, kwa sababu wino ukidondokea ngozi ya ngoma au kitambaa cha zamani hautoki tena. Wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo mwanzoni huona tunawasumbua. Wakishazoea, wao ndio huwa wakali kuliko mimi.

Mimi ni mhifadhi wa historia. Ukisema makumbusho, watu wanafikiria ukumbi, kabati za vioo na mtu anayewaeleza wageni. Sehemu kubwa ya kazi yangu iko nyuma ya ukumbi huo, kwenye rafu za mazeze, vigoda, vibuyu, mikuki, shanga na taa za reli.

Nchi yetu hii ni kavu. Mvua huanza Desemba hivi, Aprili imekwisha, na baada ya hapo ni jua na upepo. Ule upepo wa Julai na Agosti huleta vumbi linalopita hata chini ya mlango uliozibwa kwa kitambaa. Mbao na ngozi hufyonza unyevu wakati wa mvua na kuutoa kiangazi, zikivimba na kusinyaa mpaka zinapasuka. Kwa hiyo madirisha hayafunguliwi, hakuna rafu inayogusa ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la jioni, na kipima unyevu kinasomwa na kuandikwa kila asubuhi.

Halafu kuna wadudu. Mchwa kila mtu anawajua. Mimi nawahofia zaidi wale wadogo: mbawakawa wa ngozi, ambao mabuu yao hula ngozi na manyoya bila mtu kujua, na dumuzi, huyuhuyu anayemaliza mahindi ghalani, maana hutoboa hata mbao kavu. Unga laini chini ya kigoda unatosha kunikosesha usingizi. Zamani makumbusho nyingi duniani zilitumia DDT na aseniki, na sumu hiyo bado imo kwenye vitu vingi vya kale, hivyo glavu zinamlinda anayeshika pamoja na kinachoshikwa. Siku hizi tunatumia baridi. Kitu kinafungwa vizuri kwenye nailoni, kinakaa kwenye friza nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha kinaachwa siku nzima kabla ya kufunguliwa, kisije kikalowa kwa umande. Ngoma siipeleki friza. Ngozi iliyowambwa na kukazwa inaweza kupasuka.

Haya yote mtu anaweza kufundishwa. Ninachokipigania mimi ni rejesta. Kila kitu kina namba, iliyoandikwa mahali pasipoonekana juu ya vanishi nyembamba inayoweza kuondolewa. Nguo inashonewa utepe wa pamba. Namba hiyo inakupeleka kwenye ukurasa, na ukurasa ndio unaosema kitu kilitoka kwa nani, kijiji gani, kilitumika vipi na kilifikaje kwetu. Kama ukurasa ni mtupu, tunalinda mti na ngozi tu.

Kwa sisi wa kanda hii mfano mzito uko jirani, Kalenga, Iringa. Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alipofariki mwaka 1898, Wajerumani walikata kichwa chake na kukichukua. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulidai fuvu lake lirudishwe, ukamtaja kwa jina. Lilirudi mwaka 1954, baada ya gavana Edward Twining kwenda Bremen na kulitafuta kwenye makumbusho ya huko, katikati ya mafuvu mengi. Hakukuwa na lebo ya kumwambia ni lipi. Alichagua kwa kulinganisha vipimo vya mafuvu na vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, na mpaka leo wapo wanahistoria wenye mashaka. Fikiria mzigo walioachiwa Wahehe kwa sababu kuna watu hawakuona haja hata ya kuandika jina. Ukililinganisha na fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, unaona tofauti. Tabaka la udongo lilimotoka linajulikana, ndipo wataalamu wakaweza kusema lina miaka milioni 1.75.

Sisi tulikuwa na ngoma ya Wagogo iitwayo muheme. Kwenye rejesta iliandikwa: “Ngoma, Ugogo.” Basi. Aliyeipokea alikwishatangulia mbele za haki.

Mwaka jana walitutembelea kina mama kutoka kijiji kimoja cha Chamwino. Muheme ni ngoma za wanawake. Mpigaji huibana katikati ya mapaja, na sauti yake inategemea ngozi iliyopashwa moto. Niliwaamkia, “Mbukwenyi!” wakaitikia kwa furaha, kisha mkubwa wao akaigonga ngozi kidogo kwa kidole.

“Mwanangu, hii haijaota moto. Leteni moto tuisikie.”

Nilimweleza kwamba ngozi ni kuukuu, ikipashwa itapasuka. Alinyamaza, akaitazama tena, akaniambia, “Basi nitawasha ya kwangu.” Ngoma zao walikuwa nazo kwenye gari. Wakawasha nyasi uani, wakazipasha, wakapiga, sisi tukarekodi. Kisha bibi akarudi ndani na kuishika ile ya zamani kwa mikono miwili, akaigeuza polepole. Alinionesha palipolainika kwa mapaja ya wapigaji. Alinusa ufa uliozibwa na kusema ni nta ya nyuki. Alieleza ngoma kama hii ilipigwa lini, wasichana wakichezwa unyago, na nani alipokea wimbo kutoka kwa nani. Zilipofika nyimbo nyingine alimwangalia kijana wetu aliyeshika kinasa sauti, naye akaelewa na kutoka nje. Rekodi hizo zimewekwa alama: zinasikilizwa na wanawake tu, kwa ruhusa yao. Huo pia ni uhifadhi, na nasimama upande wa bibi.

Nilimuuliza kwa nini ngoma za rika hili zimekuwa adimu. Alitaja Operesheni Dodoma, watu walipohamishiwa vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mtu alibeba watoto, mbegu na vyungu. Vilivyobaki kwenye matembe, zile nyumba za zamani, paa la udongo lilipobomoka vikaoza humo.

Kondoa nako swali la nani mwenye kauli juu ya urithi ni lilelile, ila zito zaidi, kwa kuwa michoro ya miambani ya Kolo huwezi kuiingiza stoo. Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, UNESCO ikaiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mpaka sasa Mungumi wa Kolo ni mahali pa matambiko, ambapo pombe hurushiwa mwamba. Wapo wenzangu wanaotaka hilo lipigwe marufuku. Nawaelewa, rangi inaharibika kweli. Lakini wanaotambika pale ndio wamepalinda, na mazungumzo lazima yaanzie kwao. Ninayemkasirikia bila kusita ni mgeni anayemwagia michoro maji ili picha yake ing'ae.

Ukurasa wa muheme yetu sasa umejaa mbele na nyuma, na jina la bibi limo kama mtoa habari, kwa ridhaa yake. Kina mama wale watarudi wakishavuna uwele na mtama. Tuna vigoda viwili visivyo na jina la mwenyewe, na mmoja wao anasema mkono uliovichonga anaufahamu.